Kamera Haitoshi: Mwongozo kwa Mpiga Picha wa Biashara Aliyejiajiri

Simu inaita saa mbili usiku. "Habari za kazi, kaka? Nimefungua mgahawa hapa Sinza, nataka picha za vyakula. Unachukua shilingi ngapi?" Wapiga picha wengi hujibu papo hapo: "Laki moja na nusu, dada, tutaelewana." Hasara huanzia hapo. Aliyejibu hajajua vyakula ni vingapi, picha zitabandikwa wapi, nauli ni ya nani, wala pesa italipwa lini. Ametaja bei ya kitu asichokijua.

Makala hii ni ya mtu huyo: aliyejiajiri kwa kamera yake, anayepiga picha za bidhaa, vyakula, hoteli, majengo, viwanda na miradi ya mashirika. Kazi yake ina tofauti na ya harusi. Picha ya harusi hukaa kwenye albamu ya familia. Picha ya biashara hutumwa kazini: inauza mchele, inajaza vyumba vya hoteli, inamshawishi mfadhili atoe fedha. Kwa kuwa inamzalishia mwenzako, bei yake, makubaliano yake na uhifadhi wake vinahitaji utaratibu. Mifano mingi hapa ni ya Tanzania, na msomaji wa nchi nyingine aweke ofisi, sheria na viwango vya kwao.

Jitambulishe kwanza

Anza na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN. Inatolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, bila malipo kwa mwenye namba ya kitambulisho cha NIDA. Ukitaka kufanya biashara kwa jina la studio, lisajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa njia ya mtandao. Kisha chukua leseni ya biashara kwenye halmashauri ya mahali ulipo. Kwa aliye Zanzibar, jina la biashara husajiliwa BPRA, na ZRA husimamia baadhi ya kodi.

Wengine huogopa hatua hii wakidhani wanajipeleka wenyewe kwa mtoza kodi. Ukweli ni kwamba kampuni yenye mhasibu haiwezi kukulipa vizuri bila TIN, na taasisi za serikali hununua kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, ambao hauwezi kumwona mtu asiyesajiliwa. Bila karatasi hizi utabaki kupiga kazi za kampuni kubwa kupitia mtu wa kati, yeye akichukua nusu.

Fungua pia akaunti ya benki au Lipa Namba ya biashara peke yake. Pesa ya kazi ikichanganyika na ya mboga, hutajua kama unapata au unapoteza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei huanzia kwenye daftari lako

Usiulize jirani anachaji ngapi kabla hujajua kazi inakugharimu ngapi. Tuchukue mfano wa mpiga picha mmoja wa Dar es Salaam. Tarakimu ni za kufundishia tu. Weka za kwako.

Kamera, lenzi, taa na kompyuta vyake vimemgharimu shilingi milioni 12, naye anatarajia kuvitumia miaka minne. Kwa mwaka, vifaa vinakula milioni 3. Pango la chumba cha kazi ni 300,000 kwa mwezi, sawa na milioni 3.6 kwa mwaka. Umeme na bando ni 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8. Usafiri ni 200,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.4. Programu za kuhariria, diski na matengenezo ni milioni 1.2. Jumla ya gharama ni milioni 12 kwa mwaka, na bado hajala.

Anataka kuishi kwa milioni 1.5 kwa mwezi: hiyo ni milioni 18. Anatenga milioni 3 kwa kodi, bima na akiba ya ugonjwa. Biashara yake inapaswa kuingiza milioni 33.

Sasa zihesabu siku. Mwaka una siku 365, lakini siku za kuuza ni chache mno. Toa Jumapili, sikukuu na siku za kuugua. Kila siku ya kupiga huzaa siku nzima au zaidi ya kuchagua, kuhariri na kukabidhi. Kuna siku za kutafuta wateja, za kwenda kuona eneo, za kufuatilia malipo. Akipata siku 100 za kupiga kwa mwaka, amejitahidi. Milioni 33 kwa siku 100 ni 330,000 kwa siku.

Mwenzake anayekubali laki moja kwa siku, kwa siku zile zile 100, ataingiza milioni 10. Gharama ni milioni 12. Amefanya kazi mwaka mzima, na anawadai wateja wake shukrani kwa milioni 2 alizowachangia bila kujua. Hatagundua leo wala kesho. Atagundua kamera itakapokufa na pesa ya kununua nyingine haipo.

Uliza kabla ya kutaja

Rudi kwenye simu ya Sinza. Jibu jema ni hili: "Hongera sana kwa mgahawa, dada. Naomba nikuulize mambo machache, kesho asubuhi nikutumie bei kwa maandishi." Kisha uliza:

1. Unahitaji picha ngapi zilizokamilika, na za vitu gani?
2. Zitatumika wapi: Instagram, menyu, vifungashio, gazeti, au bango la barabarani?
3. Kwa muda gani, na ndani ya nchi gani?
4. Nani anaandaa vyakula, vyombo, mahali na watu watakaoonekana?
5. Nani mwenye kauli ya mwisho ya kupokea picha?

Swali la pili na la tatu ndiyo moyo wa biashara hii. Bei ya picha ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kazi: siku yako, msaidizi, usafiri, kuhariri. Ya pili ni ruhusa ya kutumia. Picha ile ile ya pilau ikikaa kwenye ukurasa wa mgahawa mmoja miezi sita ina thamani moja. Ikichapwa kwenye mifuko ya viungo inayouzwa nchi nzima miaka mitatu, ina nyingine kabisa. Jasho lako halikubadilika, ila manufaa ya mteja yameongezeka, na wewe ni haki upate fungu lako.

Sheria inakusimamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inaitambua picha kama kazi yenye hakimiliki tangu inapoundwa. Si lazima uisajili ndipo ilindwe, ingawa usajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, unakupa ushahidi ukifika mahali pa kubishana. Lakini pale ulipoagizwa na mteja, maneno ya makubaliano yenu yana uzito mkubwa katika kuamua nani anabaki na nini. Ndiyo maana kukaa kimya ni hatari.

Ukurasa mmoja unatosha

Mkataba wa kazi ndogo hauhitaji wakili. Uandike kwa Kiswahili ambacho nyote wawili mnakielewa, uwe na majina, tarehe, mahali, idadi ya picha, bei na siku ya kukabidhi. Kisha uongeze mambo ambayo wengi huyasahau.

Malipo ya awali. Nusu ya bei ilipwe kabla ya siku ya kupiga. Hiyo ndiyo inayoifunga tarehe. Mteja asiyeweza kutoa nusu kabla ya kazi mara nyingi hataweza kutoa nzima baada yake.

Marekebisho. Andika idadi, kwa mfano mara mbili. Bila hivyo utabadilisha rangi ya sahani hadi Krismasi.

Kuahirisha. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinaweza kuua kazi ya nje. Kubalianeni mapema tarehe ya akiba na nani anabeba nauli iliyopotea. Mteja akivunja kazi usiku wa kuamkia siku yenyewe, andika kiasi gani cha malipo ya awali hakirudi.

Matumizi. Andika wazi: "Picha hizi zitatumika kwenye mitandao ya kijamii na menyu ya mgahawa, ndani ya Tanzania, kwa mwaka mmoja. Matumizi mengine yatajadiliwa." Sentensi hizo mbili zinaweza kukuletea malipo ya pili bila kubonyeza kamera tena.

Na ndugu je? Mjomba au rafiki wa shule atakuja na "bei ya undugu." Msaidie ukitaka, lakini andika bei kamili kwenye ankara, chini yake uandike punguzo, kisha anacholipa. Hivyo atajua thamani ya alichopewa, na atakapokuletea mgeni hatasema "huyu huchukua elfu hamsini."

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia kazi, chaji betri zote. Umeme hauna ahadi. Beba viwili vya kila kinachoweza kukuangusha: betri, memori kadi, waya wa flashi, na kamera ya pili hata ikiwa ya kuazima. Mteja amefunga mgahawa wake kwa ajili yako, na kamera iliyogoma haitamlipa.

Huhitaji kamera ya deni. Ukurasa mzima wa A4 kwa uchapaji wa kawaida, nukta 300 kwa inchi, unahitaji picha ya pikseli 2,480 kwa 3,508. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli kama 6,000 kwa 4,000, inayotosha hata A3. Bango la barabarani hutazamwa kutoka mbali, kwa hiyo halidai ukali huo. Pesa ya kubadilisha kamera mara nyingi ingefanya kazi bora zaidi kwenye taa moja nzuri na stendi imara.

Ijue nuru ya kwenu. Pwani yetu jua la saa sita mchana hukaribia utosini na kuchimba vivuli chini ya macho. Picha za watu na za nje zipangwe saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Hoteli hupendeza dakika chache baada ya jua kuzama, taa zikiwa zimewashwa na anga bado ina ubuluu. Karibu na ikweta giza huingia upesi, hivyo kamera iwe tayari kwenye stendi kabla jua halijazama.

Chakula nacho kina saa yake. Ugali hukauka ngozi, chapati hukakamaa, mchuzi hutanda mafuta. Panga taa na pembe ukitumia sahani ya majaribio, ukimaliza kila kitu ndipo mpishi apakue ile ya kupigwa. Una dakika chache tu kabla mvuke haujaisha.

Usitoke chumba chenye kiyoyozi ukaifungua kamera nje mara moja. Kioo kitafunikwa na unyevu. Iache ndani ya mkoba kwa muda izoee joto. Nyumbani, hifadhi lenzi kwenye chombo kinachofunga barabara, chenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Kuvu akishaota ndani ya lenzi, fundi wa kumtoa ni ghali, na mara nyingine kioo hakirudi kama zamani.

Idhini ya anayeonekana

Mtu kukuruhusu umpige picha hakumaanishi amekuruhusu umuuze. Kila anayetambulika kwenye picha ya tangazo asaini fomu ya idhini inayosema picha itatumika wapi, kwa muda gani, na amelipwa nini. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi. Mtoto asainiwe na mzazi au mlezi. Hili ni jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la sheria: mvuvi wa Kilwa au mama wa Kimasai anayeuza shanga hapaswi kukuta sura yake kwenye bango la kampuni asiyoijua.

Sheria nayo imekuja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Kenya, yenye sheria yake ya mwaka 2019, imeshaonyesha uzito wake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza sehemu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukiwa na fomu zilizosainiwa, unamlinda mteja wako asifike huko, na hiyo ni sehemu ya huduma unayouza.

Kuna pia vibali vya mahali. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kupiga picha za kibiashara ndani ya hifadhi za taifa kunapitia TANAPA na kuna ada zake. Kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi hayapigwi picha. Weka muda na gharama za vibali kwenye makadirio yako, wala usimwachie mteja akwambie "tutapita tu."

Ankara na kodi

Siku unayokabidhi picha ndiyo siku ya kutuma ankara ya nusu iliyobaki. Iwe na namba, tarehe, TIN yako, maelezo ya kazi, matumizi yaliyoruhusiwa na siku ya mwisho ya kulipa. Kwa mteja mpya, kabidhi kwanza nakala ndogo zenye alama ya jina lako, na zile kubwa baada ya pesa kuingia. Kampuni ikianza kukuzungusha, usigombane na aliyekupa kazi. Muulize kwa upole jina la mhasibu, tuma ankara tena, na andika kila mawasiliano.

Kampuni ikikulipa, kwa kawaida itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Ankara ya 1,000,000 itakuletea 950,000. Ile 50,000 ni kodi yako iliyotangulizwa, kwa hiyo dai hati ya kodi ya zuio na uitunze. Bila hati hiyo hutaweza kuionyesha TRA uondolewe deni. Makadirio ya kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Nenda ofisi ya TRA iliyo karibu ukaulize kundi lako na kama mauzo yako yanakutaka uwe na mashine ya risiti ya EFD. Kumwuliza afisa kabla ya kosa hakuna gharama.

Kabati la picha ndilo pensheni yako

Kazi ikishalipwa, faili zake bado ni mali. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya jengo unalofanyia kazi. Kwako inaweza kuwa kompyuta, diski ya nje, na nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni au nyumbani kwa ndugu unayemwamini. Mwizi, moto na mafuriko kama ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, havichagui. Kila faili ipewe tarehe, jina la mteja na mahali, na fomu za idhini zikae pamoja na picha zake.

Historia ya ukanda huu inathibitisha faida yake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Zanzibar, akapiga mitaa, majahazi na watu wa zama zake. Mwanawe Rohit aliiendeleza studio hiyo, na wageni wakaendelea kununua nakala za picha zilizopigwa kabla wao hawajazaliwa. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni ya picha ya Camerapix katika jiji hilo mwaka 1963 akiwa kijana wa kujitegemea. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro, lakini picha zake za Afrika bado zinaombwa na kutumika. Oza na Amin walipiga picha vizuri, na juu ya hilo walizitunza.

Wewe msomaji uliyejiajiri kwa kamera, wiki hii fanya mambo matatu. Piga hesabu ya siku yako moja kwa tarakimu zako mwenyewe. Andika mkataba wa ukurasa mmoja na fomu ya idhini, uvichape nakala ishirini. Nunua diski ya pili, unakili kazi zako zote. Mteja atakapopiga simu saa mbili usiku, utakuwa na la kumjibu.